Mfalme Asiyejua Lugha ya Baba Zake

Kumekuwa na desturi miongoni mwetu sisi watu wazima, kila tunapokutana katika semina, katika mikutano ya wazazi au katika mazungumzo ya barazani, kuwalaumu vijana wa vyuo vikuu kwa mapenzi yao ya tamthilia za kigeni. Tunasema wamepotea. Tunasema wamelishwa kasumba. Tunasema kijana awezaye kutaja majina ya wafalme wa nchi isiyokuwapo, na asiweze kutaja majina ya babu zake watano, huyo si mwenzetu tena. Tukishasema hayo tunainuka, tunakung'uta mkeka, tunakwenda zetu majumbani tukiwa tumeridhika. Makala haya yanakusudia kuipinga desturi hiyo. Twadai kwamba lawama hiyo imeelekezwa pasipo pake, na kwamba ndani ya mapenzi ya kijana kwa tamthilia yake limo somo ambalo sisi wenyewe, tulio walimu na wazazi wake, tumelikwepa kwa miaka mingi.

Tuanze na kisa. Mwaka 2024, mwana wa ndugu yetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuja kwetu Dar es Salaam kwa mapumziko ya Sabasaba. Siku hiyo ya tarehe 7 Julai iliangukia Jumapili. Nayo, kama wasomaji wetu wajuavyo, ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Na Kiswahili ndicho lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa siku yake na shirika hilo. Tarehe hiyo inakumbusha mwaka 1954, wakati TANU ilipoanzishwa na Kiswahili kikafanywa chombo cha kuwaunganisha wananchi katika kudai uhuru. Redioni zilisomwa hotuba na mashairi. Kijana wetu alisikiliza kidogo kwa adabu, kisha akaomba ruhusa akalale mchana kweupe. Tulidhani anaumwa.

Usiku wa kuamkia Jumatatu tukafahamu maana ya usingizi ule. Saa kumi alfajiri tulisikia sauti sebuleni. Tulipotoka tulimkuta ameketi sakafuni, amejitanda shuka, mbele yake simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya chai. "Shikamoo, baba mkubwa," alisema kwa haya. "Nisameheni, nimewaamsha. Leo ndiyo vita yenyewe." Alikuwa amebana posho yake wiki nzima ili anunue kifurushi cha intaneti. Tungeweza kumkaripia na kurudi kitandani. Badala yake tulivuta kiti tukaketi naye, maana tuliona kwamba si haki kuhukumu kitu ambacho hatujakitazama.

Tamthilia yenyewe inaitwa House of the Dragon, yaani Ukoo wa Joka. Imetengenezwa na kampuni ya HBO ya Marekani kutokana na vitabu vya mwandishi George R. R. Martin, na inasimulia mambo yaliyotangulia yale ya tamthilia nyingine mashuhuri, Game of Thrones, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2019 kwa misimu minane. Msimu wa kwanza wa Ukoo wa Joka ulimalizika Oktoba 2022; msimu wa pili ukaanza Juni 2024. Kwa hiyo kijana wetu alikuwa amesubiri karibu miezi ishirini. Katika muda huo, alituambia, alirudia kuutazama msimu wa kwanza mara tatu, akachora katika daftari nasaba yote ya ukoo unaotawala, akabishana na wenziwe bwenini juu ya haki ya kurithi: je, kiti ni cha binti mkubwa Rhaenyra, ambaye baba yake alimtawaza kuwa mrithi mbele ya watu, au ni cha Aegon, mtoto wa kiume wa mke wa pili? Kijana huyu si mvivu basi. Yeyote asemaye kwamba vijana wetu hawapendi kusoma wala kufikiri, na alitazame daftari lile.

Katika sehemu ya usiku ule lilikuwamo jambo ambalo limetufanya tuandike makala haya. Mfalme Aegon anaingia katika baraza lake la vita. Mdogo wake, Aemond, ambaye amekwisha panga vita na mkuu wa majeshi bila ya kumshauri mfalme, anamgeukia na kumsemesha kwa Kivaliria cha Juu, lugha ya wazee wao. Anaizungumza kama maji yanavyotiririka. Mfalme anataka kujibu kwa lugha hiyohiyo, na hawezi. Anaokota neno hapa na neno pale, analibandika vibaya, ulimi unamkwama, nao wazee wa baraza wanatazama. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemnyang'anya taji. Lakini kila aliyekuwa mezani pale alijua kwamba mfalme amevuliwa nguo. Na sehemu hiyo haikwisha kabla mfalme huyo hajapanda joka lake, akakimbilia vitani kutafuta heshima aliyoipoteza, akaanguka akiungua kwa moto wa joka la ndugu yake mwenyewe.

Kijana wetu alicheka mpaka akaziba mdomo kwa shuka. "Mfalme gani hajui lugha ya baba zake!" alisema.

Neno hilo lilituchoma. Kwani hayakuwa yamepita hata masaa ishirini na manne tangu nchi nzima ihutubiwe juu ya lugha ya taifa, na yeye alikuwa amelala. Tukamwuliza kama angeweza kutueleza vita ile yote, ambayo ameisoma kwa daftari na kalamu, kwa Kiswahili sanifu, bila ya kuchanganya. Akaanza vizuri. Baada ya sentensi tatu akakwama palepale alipokwama mfalme. Hakulijua neno "mrithi" mpaka tulipompa, "kutawaza" aliliacha, "baraza" alilitaja kwa Kiingereza. Alipotambua yaliyompata alinyamaza. Hatukucheka, kwa sababu tulijua ni nani aliyemfikisha hapo.

Hapana budi tulieleze jambo hili waziwazi. Ziko shule katika nchi yetu ambazo mtoto akisikika akizungumza Kiswahili uwanjani huvikwa kibao shingoni, nacho hukaa hapo mpaka amkamate mwenzake kwa kosa lilelile. Kijana wetu alisoma katika shule ya namna hiyo. Aliyempeleka ni baba yake. Lakini aliyemshauri baba yake, na kuisifu shule ile kwa majengo yake na kwa Kiingereza chake, tulikuwa ni sisi. Basi na ipimwe hali ilivyo. Katika nchi ya kubuniwa, ndani ya hadithi ya majoka, mtu huaibishwa kwa kutokujua lugha ya wazee wake. Katika nchi yetu ya kweli, yenye bendera na wimbo wa taifa, mtoto huaibishwa kwa kuijua. Kati ya nchi hizo mbili, ni ipi iliyo ya ajabu zaidi?

Wako watakaosema kwamba Kivaliria ni mchezo tu, na kwamba hatupaswi kulinganisha mchezo na taifa. La hasha. Ni vizuri tujue mchezo huo ulivyofanywa. Mwandishi Martin hakuandika katika vitabu vyake ila maneno machache ya lugha hizo. HBO ilipotaka kutengeneza Game of Thrones haikuridhika kuwaacha wachezaji wabwabwaje sauti zisizo na maana. Ilimchukua mtaalamu wa lugha, David J. Peterson, akaunda lugha ya Kidothraki, na baadaye Kivaliria, zenye sarufi, msamiati na matamshi yake. Kivaliria cha Juu kina ngeli nne za majina: ya mwezi, ya jua, ya ardhi na ya maji. Mwaka 2017 mtandao wa Duolingo ulianzisha masomo ya lugha hiyo, na watu wa mataifa mbalimbali wakakaa chini kujifunza ngeli za taifa ambalo halijapata kuwako chini ya jua. Mwaka huohuo, mtandao huohuo ulianzisha pia masomo ya Kiswahili. Mwanafunzi wa Marekani aliwekewa lugha zote mbili mezani: moja imetungwa na mtu mmoja kwa ajili ya tamthilia, nyingine imetungwa na umma kwa karne nyingi, kutoka Lamu hadi Kilwa, na leo inasemwa na mamilioni ya watu hadi ndani ya Kongo.

Sasa na tuulize: mwanafunzi wetu wa sekondari anapofundishwa ngeli za Kiswahili, hufanya nini? Hupiga miayo. Nasi tunasema ngeli ni ngumu. Lakini ngeli za Kivaliria si rahisi, na bado ziko nyoyo zilizozikimbilia. Tofauti imo katika namna kila lugha ilivyoletwa mbele ya kijana. Kivaliria kilikuja kikiwa kinywani mwa malkia, mwa shujaa, mwa mtu anayeamuru joka limtii. Kiswahili kilikuja kikiwa ubaoni, katika vipindi viwili vya kukaririsha, kwa ajili ya mtihani, na kikaachwa pale mlangoni kijana alipoingia katika darasa la fizikia au la historia. Mtoto hana ujinga; huona ni lugha gani watu wazima wanaiheshimu, naye huifuata.

Tulimwuliza kijana wetu kwa nini hakupata kuisoma tenzi yoyote kwa ari ile aliyoitumia kuchora nasaba ya ukoo wa joka. Alifikiri kidogo, kisha akajibu: "Baba mkubwa, hakuna aliyetuambia kuwa ni tamu. Walituambia kuwa zinatoka kwenye mtihani." Tunaliweka jibu hilo mbele ya kila mwalimu asomaye makala haya, nasi pia tunajiwekea wenyewe.

Hoja ya pili ya wapinzani wetu ni ya fedha. Wanasema kwamba sehemu moja ya tamthilia kama ile hugharimu mamilioni ya dola, na sisi tutazitoa wapi? Ni kweli kwamba majoka yana gharama. Lakini lugha haikuhitaji majoka; ilihitaji mtu mmoja aliyelipwa kwa kazi yake, na waliomwajiri kuamini kwamba kazi hiyo ina maana. Wala kisa chenyewe hakikununuliwa. Martin mwenyewe amekiri kwamba alichota katika historia ya Uingereza: Game of Thrones katika Vita vya Mawaridi vya karne ya 15, na vita vya ukoo wa joka katika ugomvi wa kiti wa karne ya 12, baina ya Matilda, binti wa mfalme, na binamu yake Stephen. Vilikuwa visa vya madaftari ya zamani, vimelala maktabani kama vyetu vilivyolala. Yeye alikwenda akaviamsha.

Na je, sisi hatuna visa? Asubuhi ile, wakati wa chai, tulimsimulia kijana wetu kisa kimoja. Tarehe 19 Oktoba, 1856, Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alifariki dunia baharini akirejea Unguja kutoka Muscat. Aliacha watoto wengi wa mama mbalimbali. Mmoja, Thuwaini, alikuwa Oman. Mwingine, Majid, alikuwa Unguja, akashika kiti. Wa tatu, Barghash, alikuwa pamoja na baba yake chomboni, naye alikitamani kiti hichohicho. Nyumba ikagawanyika. Ndugu wakawa hawasalimiani, na madirisha ya majumba yakawa ya kupelelezana. Mwaka 1859 Barghash akapanga njama ya kumpindua Majid. Njama huhitaji barua, na barua huhitaji mwandishi. Na katika upande wa Barghash mwandishi aliyepatikana alikuwa binti wa miaka 15, dada yao Salme, ambaye alijifundisha kuandika kwa siri wakati ambapo mabinti wa nyumba ile walifundishwa kusoma tu. Njama ikagunduliwa. Barghash akakimbilia shambani na wafuasi wake, Waingereza wakamsaidia Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Waingereza wakaamua kwamba Oman na Zanzibar ziwe dola mbili mbalimbali: mgawanyo wa himaya nzima ukatokana na ugomvi wa watoto wa baba mmoja.

Kijana wetu alikuwa ameacha kutafuna. "Halafu?" aliuliza. "Yule binti?"

Tulimweleza kwamba mwaka 1866 Salme alitoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Kwamba waliolewa huko Aden mwaka 1867, wakaenda Hamburg. Kwamba mume alifariki baada ya miaka michache, akamwacha na watoto wadogo katika nchi ya baridi. Na kwamba Barghash, yule ambaye Salme alimwandikia barua za hatari, alikuja kuwa sultani mwaka 1870 na hakumsamehe. Mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu zake. Alizichapisha kwa Kijerumani.

"Msimu mzima huo," alisema kijana. "Misimu mitatu." Kisha akauliza swali ambalo hatukuweza kulijibu: "Mbona mlikaa nalo?"

Wala asije mtu akatuambia kwamba hadithi ya kusubiriwa ni jambo la kigeni lisilopatana na utamaduni wetu. Bibi zetu walijua kukatisha ngano palepale zimwi linapokaribia mlango, wakasema kesho tutaendelea, na watoto wakalala na kiu. Kitabu cha Alfu Lela Ulela, kinachosomwa kwa Kiswahili tangu zama za wakoloni, chote kimesimama juu ya mwanamke anayeokoa shingo yake kwa kuikata hadithi alfajiri. Redio Tanzania ilipokuwa peke yake hewani, wananchi walikusanyika kuwasikiliza Pwagu na Pwaguzi, na tangu mwaka 1993 mchezo wa Twende na Wakati uliwafanya watu wapange kazi zao kwa saa ya redio. Televisheni imetukuta tayari tunajua kusubiri. Ilianza Zanzibar mwaka 1973. Bara ikaingia mwaka 1994. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ilisikika katika televisheni yetu ya taifa ikisema Kiswahili, na watu wakaifuata kwa furaha. Kwa hiyo watazamaji wako, lugha iko, na sikio liko. Na katika vibanda vya video vya mitaani, msimuliaji kama Lufufu wa Dar es Salaam alionyesha zamani kwamba filamu ya kigeni ikipewa ulimi wa Kiswahili hujaza mabenchi. Yeye hakungoja semina imruhusu.

Hatusemi kwamba kijana aache kuutazama Ukoo wa Joka. Mlango ukifungwa atapitia dirishani, na kwa haki, maana kazi nzuri ni nzuri popote ilipotengenezwa. Tunasema ajifunze kuitazama kwa jicho la fundi seremala aingiaye katika nyumba ya mwenzake: haangalii uzuri wa mlango tu, huuliza ubao umeungwaje. Mpenzi wa tamthilia hiyo na ajiulize kwa nini alicheka mfalme alipokwama, na kama kicheko hicho hakimrudii mwenyewe. Ana daftari lenye nasaba ya watu wasiopata kuzaliwa. Na afungue ukurasa wa pili, aandike nasaba ya watu waliozaliwa, wakapigana, wakasalitiana na kuzikwa katika ardhi anayoikanyaga. Akishafanya hivyo, na aandike sehemu ya kwanza.

Kwa walimu tuna neno moja. Usianze somo la ushairi kwa vina na mizani. Anza kwa kisa, ukatishe mahali pabaya, uwaache wanafunzi wakuombe. Vina watavitafuta wenyewe wakishataka kujua shujaa alisema nini. Kwa wale wenye vituo vya televisheni na mafungu ya utamaduni, twasema kwamba nchi iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa kwa sheria mwaka 1967, na kutoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, haiwezi kudai kuwa haina wataalamu. Wataalamu wako, waitwe mezani wanapoketi watunzi na wapiga picha, kama Peterson alivyoitwa, si waitwe siku ya hotuba tu. Na kwa wazazi, ambao sisi tu miongoni mwao, twasema: kile kibao na kivuliwe shingoni mwa mtoto. Kiingereza atajifunza, na ni vema ajifunze. Lakini hakuna lugha inayohitaji kuingia kichwani mwa mtoto kwa kuidhalilisha nyingine.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge Desemba 1962 akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, na kwamba nchi isiyo nao ni mkusanyiko wa watu tu. Maneno hayo tumeyabandika ukutani mara nyingi, na mara nyingi tumeyapa mgongo. Usiku ule wa Julai, mbele ya simu ndogo iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, mtoto wetu alituonyesha kwamba moyo wake una nafasi kubwa ya kupenda, kukesha na kukumbuka. Nafasi hiyo haikai tupu. Sisi tusipoijaza, wataijaza wenye bidii kuliko sisi, na siku moja atasimama barazani mbele ya ndugu zake, aulizwe neno kwa lugha ya baba zake, naye asiwe na la kujibu. Siku hiyo tusimcheke, maana kibao alichovikwa tulikinunua sisi.